UZI: Mzee akiinuka macho yanafanya kiza – mpimeni presha akiwa wima, si akiwa kitini tu

MuuguziWaMtaa (mwanzilishi wa uzi)

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Uzi huu ni mrefu. Wenye wazazi waliopita miaka 65 nawaomba mvumilie muusome.

Kazi yangu ni uuguzi, na nawazungukia wazee majumbani kwao hapa Mombasa: Mji wa Kale, Majengo, Tudor, mpaka ng'ambo ya Likoni. Karibu kila nyumba nakuta jambo lile lile. Mzee ana kitabu chake cha kliniki, kimejaa namba za presha, na namba zote zimechukuliwa akiwa amekaa kitini. Ya kusimama haimo hata moja. Na mzee huyo huyo ndiye anayeanguka nyumbani: akitoka kitandani usiku kwenda chooni, akiinuka barazani adhana ya magharibi inapolia, au akinyanyuka baada ya chakula cha mchana. Watu wa nyumbani wanasema ni uzee tu. Wengine wanasema kapitiwa na upepo. Kisomo ni kheri na sikikatazi, lakini presha nayo ipimwe.

Nieleze kinachotendeka mwilini, maana ukikielewa mengine yote yatakuwa mepesi. Mtu yeyote akisimama, damu ya kiasi cha nusu lita hadi lita nzima huteremkia miguuni na tumboni. Damu inayorudi moyoni hupungua na presha huanza kushuka. Sasa, kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni kuna vihisio vinavyopima mkazo wa damu kila moyo unapopiga. Vikihisi mkazo umelegea, ubongo hutoa amri kupitia neva: moyo uongeze mapigo, mishipa ya miguu na ya tumbo ijibane. Kwa kijana shughuli yote hiyo huisha kwa sekunde chache, wala hajui kama kuna lililopita.

Kwa mzee kila hatua hapo imechoka. Mishipa imekakamaa kama mpira wa kumwagilia maji uliokaa juani miaka mingi, na kwa vile vihisio vimo ndani ya kuta za mishipa hiyo, ukuta usiovutika havipi habari kamili. Moyo nao hauiitikii amri ya neva kama zamani; wa kijana utaruka mapigo mengi, wa mzee utaongeza machache tu. Tena misuli ya moyo wenyewe imekuwa migumu, haujai upesi, kwa hiyo damu inayorudi ikipungua kidogo tu, unakosa cha kusukuma. Figo hazishiki chumvi na maji kama zilivyokuwa. Mashavu ya miguu yamepungua nyama, nayo ndiyo husaidia kuipandisha damu juu mtu anapotembea. Na linalonitia hofu zaidi kwa hali ya hewa ya mji wetu ni kiu: mzee anaweza kuwa amekaukiwa na maji mwilini na asihisi kiu hata kidogo.

Namna ya kupima. Mzee alale chali dakika 5 bila mazungumzo, apimwe. Asimame, apimwe ikifika dakika 1, kisha apimwe tena ikifika dakika 3. Mkono uliofungwa mashine uegemezwe usawa wa moyo, usining'inie. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, hiyo ndiyo presha ya kushuka mtu anaposimama, na kipimo hicho madaktari walikubaliana nacho tangu mwaka 1996. Kwa mfano, aliyelala akiwa 150/84 kisha akasimama akawa 124/76, anayo, ijapokuwa 124 ukiiona peke yake utaisifu. Mtu mmoja awe karibu naye wakati wote, na kitanda kiwe nyuma yake.

Si jambo la wachache. Miongoni mwa waliopita miaka 65, takriban mmoja kati ya watano anayo. Wengi wao hawalalamiki kizunguzungu chochote, ndiyo maana nasisitiza mashine.

---

Binti_Kibokoni

Dada Muuguzi, Mola akulipe. Mama yangu ana miaka 74, ana presha na sukari. Nimesoma hapa nikampima hapo hapo. Amelala: 172/88. Amesimama dakika 1: 138/78. Dakika 3: 131/76. Nimebaki nimeduwaa. Sasa yeye ana presha ya kupanda au ya kushuka? Kliniki anayokwenda walimwongezea dawa kwa sababu ya namba kubwa, na tangu hapo asubuhi anashika ukuta akitembea.

---

MuuguziWaMtaa

Binti yangu, anazo zote mbili, na hilo ni la kawaida sana uzeeni. Mwili ukishapoteza uwezo wa kurekebisha presha, hupoteza pande zote: akilala inapanda bila wa kuizuia, akisimama inashuka bila wa kuishika. Na iko sababu ya kuzidiwa asubuhi. Usiku presha ikiwa juu kitandani, figo humwaga chumvi na maji mengi, ndiyo unamwona anaamka mara kwa mara kukojoa. Kukipambazuka damu imepungua ujazo, naye ndipo anaposhuka kitandani.

Sukari ya miaka mingi huharibu pia neva zinazoubana mshipa. Mwangalie mapigo ya moyo ile ile dakika ya tatu, mashine nyingi huyaonyesha chini ya namba za presha. Kama namba ya juu ya presha imeshuka kwa 30 na mapigo hayakuongezeka hata 15, neva ndizo zenye shida. Kama mapigo yamepanda sana, mara nyingi ni upungufu wa maji, damu au dawa. Madaktari wawili wa Marekani, Bradbury na Eggleston, walipoandika kuhusu wagonjwa watatu wa namna hii mwaka 1925, jambo mojawapo waliloliona ni hilo hilo: presha inaanguka na mapigo yako pale pale.

Namba hizo ziandike kwenye karatasi, na saa ya kupima, na saa aliyomeza dawa. Ipeleke kliniki wiki hii hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kitabuni. Usimwachishe dawa wewe.

---

Kijana_Kisauni

Mimi nitasema tofauti. Babangu alikuwa anayumba, tukamwachisha vidonge vya presha, na sasa hayumbi. Hizi dawa ndizo zinawaangusha wazee. Mtu wa miaka 80 mwacheni apumzike na vidonge.

---

Bi_Kemisti

Kijana wangu, nina duka la dawa na maneno haya nayasikia kila leo. Sikubishii kuwa dawa zinaweza kumwangusha mzee. Ila dawa gani? Hapo ndipo watu wanapokosea shabaha.

Zinazoongoza, kwa ninavyoziona zikinunuliwa: za tezi dume, yaani tamsulosini, na zaidi doksazosini na prazosini, kwa sababu zinalegeza mishipa. Za kukojoza, furosemaidi na hidroklorothiazaidi, hasa mzee akiwa hanywi maji. Nitrati za maumivu ya kifua. Amitriptilini, ambayo wazee wengi hupewa kwa ganzi za miguu au usingizi na hakuna anayeihesabu kama dawa inayogusa presha. Levodopa kwa wenye maradhi ya Parkinson. Na sildenafili, ya nguvu za kiume, ambayo wazee wetu hununua kimya kimya na daktari hajui. Hii ya mwisho ikikutana na nitrati inaweza kuua. Mzee unayesoma hapa, mwambie daktari wako, hana haja ya kukucheka.

Ama dawa ya presha yenyewe, kuiacha presha juu miaka nenda miaka rudi ndiko kunakokakamaza mishipa na kuviharibu vile vihisio alivyovitaja Muuguzi. Marekani walifanya utafiti mkubwa uitwao SPRINT, matokeo yakatoka 2015. Kundi moja lilishushwa namba ya juu ya presha mpaka chini ya 120, jingine likalengwa chini ya 140. Walioshushwa zaidi hawakuonekana kuwa na tatizo hili la kusimama kuliko wenzao. Mara nyingi kinachotakiwa ni kubadilisha aina, kupunguza kipimo au kuhamisha saa ya kumeza.

---

Kijana_Kisauni

Nimekuelewa Bi Kemisti, lakini babangu mbona anatembea sawa sasa?

---

MuuguziWaMtaa

Anatembea sawa, na presha yake akilala ni ngapi? Mpime leo usiku. Kiharusi hakitoi hodi. Huenda babako alihitaji kweli kupunguziwa, sikatai, lakini apunguze aliyempa, na apimwe amelala na amesimama.

Na nimwongezee Bi Kemisti neno moja kwa heshima: utafiti ule haukuwachukua ambao namba yao ya juu ilikuwa chini ya 110 wakisimama, wala wenye sukari. Kwa hiyo mzee ambaye tayari anaanguka, au kama mama yake Binti mwenye sukari, asipimwe kwa matokeo yale. Yeye aangaliwe kivyake.

---

Bi_Kemisti

Hilo ni kweli kabisa, shukrani dada.

---

MzeeWaBaraza

Mimi ni mzee mwenyewe, miaka 79. Nawasoma wanangu na nashukuru. Mimi kizunguzungu sina. Linalonisumbua ni maumivu ya shingo ya nyuma yakishuka mabegani nikisimama kwa muda, kama dukani au mazikoni. Nikikaa yanapungua, nikilala yanakwisha. Nimepakwa mafuta, nimekandwa, nimepigwa picha ya shingo. Yanahusiana na habari hii?

---

MuuguziWaMtaa

Shikamoo mzee wangu. Yanaweza kuhusiana sana, na nakushukuru kwa kuyasema kwa sababu wengi hawayajui. Misuli ya shingo na mabega hufanya kazi muda wote mtu akiwa wima, na damu ikiwa haifiki vizuri huko juu, inauma. Alama yake ni hiyo hiyo uliyoitaja: inakuja ukisimama, inaondoka ukilala. Wengine huona ukungu machoni, wengine miguu huwaishia nguvu, wengine huchanganyikiwa maneno kwa muda mfupi kisha wakatulia. Wajukuu wakupime leo, na wakati huu wasubiri zaidi ya dakika 3, kwa sababu kwa baadhi ya watu presha huteremka polepole na hudhihiri baada ya dakika kadhaa.

Na swali, baraza unalokaa ni lile la chini la mawe? Mzee akikaa chini muda mrefu magoti yamekunjwa, kisha akainuka ghafla kwa adhana, hapo ndipo wengi wanapoanguka. Kabla ya kuinuka nyoosha miguu, vuta vidole vya miguu kuelekea kwako na kuvisukuma mbele mara nyingi mpaka uhisi mashavu ya miguu yanafanya kazi. Kisha simama umeshika kitu, hesabu pumzi kadhaa, ndipo utembee. Adhana itakungoja, na msikiti hauhami.

---

UstadhMdogo

Hapo kwenye ibada nataka kuuliza. Swala ina kuinama na kusujudu, na kutoka sijda kwenda kusimama ni mwendo mkubwa kwa mzee. Na Ramadhani ya miaka hii imeangukia Februari na Machi, kaskazi, joto lote la mwaka. Msikitini kwetu katika tarawehe mzee alizirai safu ya mbele. Tufanyeje?

---

MuuguziWaMtaa

Swali zuri, ustadh, na wewe ndiye wa kulisema hili mbele ya watu wakakusikia zaidi yangu.

Kwanza mwendo wenyewe. Kichwa kimekuwa chini, ghafla kiko juu. Presha huweza kuporomoka ndani ya sekunde 15 za mwanzo, kabla mwili haujawahi kuirekebisha. Mzee mwenye shida hii akae kwanza baada ya sijda, ashike kiti kilicho mbele yake, kisha ainuke. Akishindwa, dini imempa ruhusa: asiyeweza kusimama husali amekaa. Kiti msikitini si aibu. Alfajiri ndiyo saa ya hatari zaidi kwa sababu ya yale ya usiku niliyoyaeleza, kwa hiyo anayekwenda kuswali alfajiri kwa miguu anywe maji kwanza akiwa bado ameketi kitandani.

Pili saumu. Hapa kwetu ni kiasi cha masaa 13 bila tone la maji, na jasho la kaskazi, na mishipa ya ngozi imepanuka kwa joto. Mzee anayemeza dawa za kukojoza amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuzirai. Kama daktari atasema asifunge, basi asifunge. Fidya ipo na wewe unaijua kuliko mimi.

Tatu ni futari yetu. Hili watu hawalijui kabisa. Kwa mzee presha hushuka pia baada ya kula, ndani ya masaa 2, kwa sababu damu nyingi huvutwa tumboni kusaga chakula na mishipa mingine haijibani kufidia. Chakula kingi cha wanga ndicho hushusha zaidi. Sasa tazama sinia letu: kaimati, viazi vya nazi, tambi, mkate wa sinia, juu yake uji. Mzee anakula, anainuka, anakwenda kusimama tarawehe. Yule wa safu ya mbele sishangai. Afuturu kidogo kwa tende na maji, asali magharibi, apumzike, ale sehemu nyingine, na kingine kikubwa akiache mpaka baada ya tarawehe. Siku za kawaida pia, biriani ya mchana igawanywe mara mbili.

---

UstadhMdogo

Nitalizungumza msikitini in-shaa-Allah, na viti tutaongeza.

---

Mwana_Tudor

Mie nasoma tu. Uzi huu ubandikwe juu usipotee.

---

MnyooshaViungo

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, nichangie la kivitendo kwa anayejikuta amesimama na hana pa kukaa. Mfano wetu sote ni Likoni, umati unangoja feri, jua limewaka, mzee kabanwa katikati. Akianza kuona macho yanafifia, asijaribu kusimama wima zaidi kwa ushujaa. Afanye hivi: apishanishe miguu kama mkasi akiwa ameshika mtu au ukuta, abane mapaja na makalio kwa nguvu, akunje ngumi. Misuli ikibana huisukuma damu iliyokaa chini irudi juu, na presha hupanda pale pale. Ikizidi, achuchumae au akae chini kabisa, hata kama kanzu itachafuka. Kukaa kwa hiari ni bora kuliko kuanguka na kuvunja nyonga.

Nawafundisha wakiwa wazima, nyumbani, wakiwa wameshika meza. Mtu hawezi kujifunza haya akiwa tayari kiza kimemjaa machoni. Na kutembea kila siku, hata kama ni kutoka nyumba hadi kona na kurudi, kunairudisha misuli ya miguu. Mzee aliyelazwa kitandani wiki mbili kwa homa atasimama vibaya kuliko alivyokuwa, kwa hiyo akae kitini mapema awezavyo.

Kuna pia mkanda wa tumbo na soksi ndefu za kubana. Zile zinazoishia chini ya goti hazisaidii sana, kwa sababu damu nyingi imo tumboni na mapajani. Mkanda wa tumbo huvumilika zaidi kwa joto letu, avae kabla ya kuinuka na avue akilala.

---

Binti_Kibokoni

Nimerudi. Tulikwenda. Daktari ametazama karatasi, akampima mama mwenyewe akiwa wima, na akaona vile vile. Ile dawa iliyoongezwa ilikuwa ya kukojoza na alikuwa akiimeza jioni. Ameiondoa, ile nyingine ameiacha, na ametaka apimwe damu kuona kama ana upungufu. Akasema pia tuinue upande wa kichwa cha kitanda. Tunatumia mito?

---

MuuguziWaMtaa

Alhamdulillah. Mito hapana, itamkunja shingo tu na kiwiliwili kibaki chini. Inueni kitanda chenyewe: wekeni matofali au vipande vya mbao imara chini ya miguu miwili ya kichwani, sentimita 15 hadi 20, kitanda kizima kilale kwa mteremko. Hapo presha ya usiku hupungua, na figo hazimwagi maji kupita kiasi. Hakikisheni hakitikisiki.

Usiku taa ndogo iwake njia ya chooni, au ndoo iwe karibu na kitanda. Akiamka akae ukingoni miguu ikigusa sakafu, dakika moja au mbili, ndipo asimame. Wazee wa kiume nao wakojoe wamekaa, maana kukojoa umesimama usiku kunazirisha wengi.

Asubuhi kabla hajashuka kitandani mpe glasi mbili za maji, nusu lita, anywe kwa mfululizo asionjeonje. Kwa wenye shida ya neva maji hayo hupandisha presha ndani ya dakika chache na humsaidia kwa muda wa saa moja hivi. Ila muulize kwanza daktari kama moyo na figo zake zinaruhusu. Chumvi msimwongezee kwa shauri la jirani. Na madafu, najua mtataka kumpa: ni mazuri, lakini yana madini mengi ya potasiamu, na mwenye sukari ya muda mrefu figo zake huenda zimeguswa, zikashindwa kuyatoa. Matokeo ya damu yakitoka ndipo mtajua.

Mkimbizeni hospitali bila kungoja, yeye au mzee yeyote, akizirai kabisa, au kizunguzungu kikija na maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio ovyo, choo cheusi kama lami, kuharisha kusikokatika, au upande mmoja wa mwili kulegea na ulimi kuwa mzito.

---

MzeeWaBaraza

Wajukuu wamenipima. Nimelala 144/80, dakika ya 3 ni 132/76, dakika ya 8 ni 116/70, na mabega yalianza kuuma hapo hapo. Naenda Jumatatu na karatasi yangu. Mashine waliyotumia ni ile ndogo ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Inafaa?

---

MuuguziWaMtaa

Mzee wangu, ile ya kifundo ukishusha mkono inakosea, inasoma juu kuliko ilivyo, na ukisimama mkono hushuka wenyewe. Huenda presha yako imeteremka zaidi ya hapo. Wakutafutie ya kufunga juu ya kiwiko, na mkanda wake ukuenee mkono, usikubane wala usikupwaye. Kabla ya Jumatatu rudieni mara nyingine, asubuhi kabla ya dawa na tena baada ya chakula cha mchana, na uende na mfuko wa dawa zako zote, za hospitali na za dukani, hata zile za tezi.